Kilele cha Sita

Dada yangu mpendwa,

"Jino hili ni la sili, na sili bado wanaogelea baharini hadi leo." Ndivyo alivyodai mumeo miaka tisa iliyopita, na kwa dai hilo nilimshambulia gazetini mara nne. Lakini kwanza nakusalimu. U mzima? Watoto nao? Mimi kifua kimepona, ila nyumba ni kimya mno. Redio siizimi, angalau pawe na mtu anayeongea.

Unaukumbuka ugomvi wetu. Jino lilikuwa na vilele vitano vilivyofuatana kama msumeno. Shemeji alisema sili wa aina hiyo hukutanisha meno, maji yakatoka kati ya vilele, uduvi wakabaki kinywani. Nikamwambia ni kipofu: pembeni kuna kilele cha sita, mwanzo wa safu ya pili, na safu mbili walikuwa nazo wanyama wa kale waliokwisha kutoweka. Alinicheka mbele ya wafanyakazi wote wa makumbusho, akasema hata ukuta wa chokaa nikiutazama sana nitauona una mkia. Nikaandika kwamba asiyeweza kuhesabu hadi sita hafai kushika ufunguo wa chumba cha mifupa. Wakubwa wakasoma, wakamnyang'anya ufunguo. Akaacha kazi, nawe ukaacha kunipigia simu.

Tangu siku hiyo nala mchana peke yangu, nikitazamana na mafuvu. Hakuna wa kunibishia. Wafanyakazi wapya huniitikia ndiyo mzee, hata nikisema upuuzi.

Sasa nisikilize. Jino lenyewe huvunjika upesi, kwa hiyo tulibishana juu ya nakala ya plasta. Shemeji aliomba kasha la jino lenyewe lifunguliwe, nilikataa. Mwezi mmoja baada ya yeye kuondoka nikalifungua mwenyewe, nikashika lenzi. Vilele vitano, basi. Kalibu ya kumiminia plasta niliitengeneza mimi. Kiputo cha hewa kiliacha tundu ndani yake, plasta ikalijaza. Kilele cha sita ndicho hicho. Nikafunga kasha, nikaandika makala nyingine ya kumkejeli.

Wasalimie watoto, waambie mjomba wao yupo.

Shemeji, najua barua hii utasomewa. Wakubwa nimewaandikia haya haya. Njoo Jumatatu asubuhi, ulishike jino kwa mkono wako, kisha uandike gazetini ulichokiona na nilichokutendea, bila kunihurumia. Nawe dada, usimngoje nje ya lango. Ingia.

Mimi mdogo wako