Ndoto Ambayo Sikuiota

Jumamosi, 3 Agosti 1957

Shule imefungwa! Wiki nne bila mwalimu wa cherehani! Daftari hili ni zawadi yangu ya kuwa wa pili katika insha, na nimeapa halitaandikwa hesabu hata moja. Ni langu peke yangu. Baba anajua kusoma, lakini akitoka zamu stesheni macho yamechoka hata saa ya ukutani haioni. Mama hasomi. Niko salama.

Habari kubwa ya landhi nzima, nyumba zetu hizi za reli: Mama ana mimba. Mwaka wake wa arobaini na moja! Mimi nilidhani ananenepa tu. Nekoye wa nyumba ya pili ndiye kaniambia, eti kila mtu anajua tangu Aprili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu nikacheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Miaka kumi na sita, halafu nipate mdogo wa kubeba mgongoni! Nitamfunza dansi kabla hajafunzwa kutembea.

Jumanne, 6 Agosti

Upepo leo umeshuka kutoka mlima Menengai na vumbi lote la dunia. Mashuka niliyofua yamekuwa rangi ya chai. Nimefua tena. Yakawa rangi ya chai tena! Nimeyaacha.

Nekoye amekuja, tukacheza dansi nyuma ya jiko. Yeye alikuwa mwanamume kwa sababu ni mrefu. Nilizunguka mpaka nikaangukia kuni. Tukapanga siku moja tuende dansi ya kweli pale holi, halafu Nekoye akasema nani atatupeleka sasa, na akajiziba mdomo.

Owino. Haya, nimeliandika. Kakangu Owino, fundi wa baisikeli, aliyekufa kwa homa ya mapafu Juni mwaka jana akiwa na miaka ishirini na miwili. Yeye ndiye angetupeleka. Nyumbani jina hili halitajwi. Baba akilazimika husema "yule". Mama hasemi lolote. Mara nyingine naenda kwenye pipa tupu la maji, naingiza kichwa, naita "Owino!" na pipa linaitikia. Nekoye anasema nina wazimu. Labda, lakini mtu akikaa mwaka mzima bila kutajwa atabaki wapi?

Alhamisi, 8 Agosti

Dani amefika! Ni mama yake Baba. Ameteremka gari moshi la Kisumu na kuku wawili, kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani kwao, na maoni. Kabla hajaketi alikuwa ameshanikosoa nywele, sketi na vile ninavyomimina chai. Nampenda sana. Kuku mmoja ametoroka stesheni, Baba amemkimbiza mbele ya wakubwa wake, na kofia ya kazi ikaanguka relini. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana.

Jioni Dani akatangaza: akiwa mvulana ni Odero. Odero ndiye mumewe, babu yangu, alikufa kabla sijazaliwa. Baba akanywa chai. Na mimi, mdomo wangu huu usio na kufuli, nikauliza: na Owino je?

Kijiko cha Mama kilianguka.

Dani hakukasirika. Alinieleza polepole kama ananifunza kusuka. Yule kijana alikufa kapera, hakuacha mtoto, na jina la namna hiyo kwake yeye halipewi mtoto mchanga, ni kumtwika mzigo. Isipokuwa jambo moja. Mwenyewe akimjia mtu wa nyumba hii ndotoni na kuomba apewe mtoto, hapo hakuna wa kukataa. Hata yeye Dani hawezi.

Mama alikuwa anatazama moto. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

Basi kazi ni ndogo! Mtu aote tu. Nimejiandikisha mwenyewe. Nina nafasi ya kuota usiku na hata mchana, ni likizo.

(Mimi mwenyewe hakuna aliyeniomba ndotoni. Anyango ni msichana aliyezaliwa jua likipanda, basi. Jina langu ni saa nne asubuhi.)

Jumapili, 11 Agosti

Ripoti ya ndoto.

Usiku wa kwanza nililalia koti la Owino. Nimeota mwalimu wa cherehani amepanda mbuzi.

Wa pili nilisali, nikafunga. Sikuota kitu, na njaa iliniamsha saa kumi na moja.

Wa tatu nilikula ugali baridi na omena sahani nzima, kwa sababu Nekoye anasema tumbo zito huleta ndoto. Limeleta heroe. Wale ndege wa ziwani, darasa zima, wamevaa miwani na wananisahihisha insha!

Nimecheka kitandani peke yangu. Halafu nikakasirika. Miezi kumi na minne, Owino! Mama Nekoye, ambaye hata si ndugu yako, ulimjia ndotoni kuomba chumvi. Nani alikushikia taa ukiziba pancha? Nani alikusomea barua za yule msichana wa Njoro na hakumwambia mtu? Ni mimi. Na hujaja hata kupita. Nina hasira nawe, na nimekukumbuka mpaka tumbo linauma, na si omena.

Jumatano, 14 Agosti

MVULANA!!!

Hospitali, alfajiri. Mama mzima, mtoto mzima, Baba amevaa shati ndani nje na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nimemshika! Mwekundu, ana mikunjo ya mzee, na vidole virefu. Amenishika kidole changu akakikaza. Nikasema habari yako bwana, akapiga chafya. Nilirudi nikikimbia kuanzia lango la hospitali hadi landhi, nikiwaambia hata watu nisiowajua. Mzee mmoja mwenye mkokoteni akaniuliza anaitwa nani. Nikasimama pale barabarani nikakumbuka bado hana jina.

Dani anasema Odero bado hajamjia ndotoni, lakini hana wasiwasi. Alikuwa mvivu hata akiwa hai, anasema, atafika tu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefanya jambo.

Ilikuwa chai ya asubuhi. Mama amerudi, amelala na mtoto, pazia liko wazi. Dani anaanza: basi tukingoja Odero... Na mimi nikasikia mtu anasema, "Nimemwota Owino." Mtu mwenyewe ni mimi.

Dani akaweka kikombe chini. Alikujaje? Nikasema aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Amevaa nini? Shati jeupe, mikono imekunjwa. Ameshika nini? Pampu ya baisikeli. (Sijui ilitoka wapi, ilikuja yenyewe!) Amesema nini? Amesema, "Huyo mtoto ni wangu, nipeni. Na chai kama iko."

Na chai kama iko! Baba akatoa sauti, nikadhani amekabwa na mkate. Alikuwa anacheka. Alicheka na machozi yakatoka, akasema ndiye, ndiye huyo kabisa, huyo hawezi kuingia nyumba bila kuomba chai. Dani akanitazama muda mrefu. Halafu akapiga makofi mara moja. Ameomba mwenyewe, akasema. Apewe.

Niliosha vikombe mara mbili. Ni uongo. Najua ni uongo. Lakini Baba amesema "Owino" mara tatu leo, nimehesabu!

Ijumaa, 16 Agosti

Mama ameita mtoto. Kwa sauti! Dirisha liko wazi, landhi yote imesikia: "Owino! Owino wangu, kwani wewe hulali?" Nilikuwa kwenye mfereji na ndoo. Mama Nekoye akapiga kigelegele, na mwingine, na mwingine. Nilimwaga maji yote miguuni. Nimecheza dansi pale pale kwenye tope, na wala sioni haya.

Mungu atanisamehe. Nadhani. Ni ndoto moja tu.

Jumatatu, 19 Agosti

Si moja tena. Kila jioni Mama ananiita kando ya kitanda. "Hebu niambie tena." Nikamwambia. "Alikuwa anakohoa?" Hapana Mama, hata kidogo. "Amekonda?" Hapana, amenenepa mashavu. Jana aliuliza miguuni alikuwa na nini, maana alizikwa na vile viatu vibovu, na jambo hilo limemuuma. Nikamvika vipya! Vyenye kamba, vinalia kwa upya. Mama akacheka, akajifunika uso na leso. Mimi nikaongeza kwamba alivifuta vumbi mlangoni. Sijui nitaishia wapi, kufikia mwisho wa mwezi nitakuwa nimemnunulia motokaa.

Nekoye nimemwambia ukweli. Amesema nitapigwa na radi. Halafu akaomba nimwambie na yeye hiyo ndoto.

Alhamisi, 22 Agosti

Mtoto analia. Tangu juzi. Kuanzia saa tisa mchana hadi jua linazama, ngumi zimekunjwa, magoti tumboni. Sauti yake inafika stesheni, Baba anasema dereva wa gari la mizigo ameuliza ni king'ora gani hicho kipya. Kliniki wamesema ni tumbo, watoto wengi hulia hivyo, litapita. Mama Nekoye anasema ni tumbo. Mimi nasema ni tumbo, tena nasema kwa nguvu kuliko wote.

Dani? Anamtazama mtoto, halafu ananitazama mimi. Leo aliponisaidia kuchambua mboga za sukuma aliniuliza, bila kuinua macho: alipoingia, alitanguliza mguu gani? Nikasema wa kulia. Akasema hm. Ni "hm" mbaya kuliko zote nilizosikia maishani.

Kama ni mimi nimemwekea mtoto huyu mzigo? Sitaki hata kuliandika. Nimeliandika.

Jumamosi, 24 Agosti

Saa kumi jioni. Niko nyuma ya jiko, daftari magotini. Ndani wako Baba, Mama, Dani na Mama Nekoye, na mtoto analia. Kesho ni ubatizo. Padri akimaliza anakwenda likizo kwao, na Dani anapanda gari moshi, kwa hivyo suala la jina liishe leo. Dani amempakata anamwitia majina, nasikia kila kitu. "Odero?" Analia. Jina la kaka wa Odero. Analia. "Owino?" Analia. Kwa kweli anawalilia wote sawasawa, hana upendeleo! Mama Nekoye, asiyejua Kijaluo chetu, anasema kwa Kiswahili mpeni dawa ya tumbo. Dani naye kwa Kiswahili chake: "Dawa hapana jua jina, mama. Hii mtoto ndio najua."

Wataniita nieleze ndoto mbele ya mtoto, neno kwa neno. Akinyamaza nikisema, ni Owino. Asiponyamaza, ni Odero na mazungumzo yaishe.

Nimeamua nitasema ukweli. Nimeamua tangu asubuhi, tena nimejizoeza mbele ya kioo. Dani, sikuota. Maneno mawili tu. Mtoto atapona, na Dani atanichapa na mwiko, na sawa. Lakini Mama? Nani atamwambia kila jioni kwamba hakohoi?

Mama anatoka. Nafunga.

Naandika haraka, ameingia sasa hivi. Alikuja akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, taratibu, bado mgongo unamuuma. Hakuuliza ninaandika nini. Nikaanza: Mama, ile ndoto... Akaweka mkono juu ya goti langu.

"Mimi pia sijamwota," akasema. "Hata siku moja."

Pia! Amesema pia! Nikamtazama, yeye anatazama mashuka kwenye kamba. Amejua tangu lini? Tangu ile chai? Na kila jioni ananiita, hebu niambie tena, na mimi namwambia!

Kamasi zilinitoka, akanifuta kwa leso yake kama mtoto. Akaniuliza, "Viatu vilikuwa vipya, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Vya kahawia," akasema. Nikasema ndiyo Mama, vya kahawia. Akainuka, akajifunga leso vizuri, akaingia.

Mtoto bado analia. Dani ananiita. Anyango! Baba naye ananiita. Naja, nimesema naja!

Vya kahawia. Mimi rangi sikuwahi kuitaja.