Pistoni za Kichwa Kirefu

Kakoba, Mbarara, 3 Februari 2024

Mudogo wangu Uwizeye,

Salamu mingi kutoka hapa garaji. Mimi yaya, mukubwa wako, niko muzima. Afya yako je, na ya bwana yako Kalisa? Umuambie injini ya gari yetu ya mashindano yenye anaendesha, nakaribia kumaliza kuitengeneza. Yeye alitaka pistoni za kawaida. Mimi nimechagua za kichwa kirefu: zinakandamiza hewa sana, gari itaruka. Sipringi za valvu nimeacha zile za zamani. Akilalamika tena nitatafuta shofere mwingine.

Yaya wako,
Cyiza

Nakivale, 9 Februari

Yaya Cyiza,

Tunashukuru Mungu, tuko bazima, mihogo tu ndiyo inakauka. Kalisa anasema: "Sipringi zikichoka, valvu itachelewa kurudi, pistoni itaigonga, injini itakwama niko kwenye mwendo." Nilimuambia akatae kuiendesha. Akanijibu, "Yaya yako ndiye alinitoa kwenye kulima shamba ya batu. Nitakataa namna gani?" Nakuomba, badilisha sipringi.

Mudogo wako,
Uwizeye

Kakoba, 2 Machi

Mudogo wangu,

Pole kwa ile ajali. Nimesikia mguu wa Kalisa bameukata juu ya goti. Analala vizuri? Kuja hospitali sikuweza, kazi ni mingi. Injini nimeifungua: valvu imevunjikia juu ya pistoni, vile Kalisa alisema. Lakini benye magari bakijua, garaji imekufa. Kalisa aseme mbele ya batu kwamba yeye ndiye alikosea gia. Akisema, nitamununulia mguu wa bandia.

Yaya wako,
Cyiza

Nakivale, 25 Machi

Yaya,

Leo sikuulizi afya. Jumapili, kanisani, Kalisa alisimama na mikongojo. Akasema, "Injini ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliiharibu." Batu balimurekodi na simu, video umeipata. Baba yake alitoka inje, mpaka leo hamusemeshi. Nyumbani Kalisa aliniambia, "Pima mguu uliobaki, Yaya yako ajue urefu." Nimepima na uzi mwekundu, uko ndani ya bahasha.

Uwizeye

Kakoba, 30 Aprili

Mudogo wangu,

Natumaini muko bazima, na mvua imefika. Video imetusaidia sana, benye magari bamerudi, hata sasa nafunga injini ingine. Habari ya mguu: benzangu ba garaji beko banauliza, mutu mwenye alituharibia injini, tumununulie mguu kwa sababu gani? Uzi wenu nimeurudisha ndani ya hii bahasha. Umusalimie Kalisa.

Yaya wako,
Cyiza