Kuzunguka Pipa

Jumapili, 23 Juni 2019
Leo nimeanza kioo cha darubini! Vioo viwili vya madirisha ya meli, vinene kuliko kidole gumba. Kimoja nimekibana juu ya pipa mbele ya nyumba, cha pili nakisukuma juu yake, katikati unga wa msasa na maji. Sugua, piga hatua, geuza kidogo, sugua. Cha juu kinachimbika, cha chini kinavimba. Ukizunguka sawasawa, umbo la tufe linakuja lenyewe. Mimi niliyelisha mafuta injini za meli kutoka hapa Surabaya mpaka Rotterdam, nishindwe na kioo?

Mke wangu Tumini kanitazama, kikapu mkononi. "Wenzako wanazunguka Kaaba, wewe pipa!"

Jumatano, 3 Julai
Mdomo huu! Kwenye kibanda cha kahawa nimetangaza kwamba tarehe kumi na saba Agosti, sikukuu ya uhuru, kichochoro kizima kitaona pete za Zohali kwa darubini yangu. Cak Darsono kinyozi, mwenyekiti wa sherehe, kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Eti zisipoonekana nitapanda ile nguzo ya kupakwa grisi ambayo vijana hugombea zawadi kileleni kila sikukuu, mimi na miaka yangu sitini na nne. Nikasema sawa — na nitapanda nikivuta sigara!

Wote wamesikia. Magoti yameanza kuuma.

Jumapili, 7 Julai
Nimechora mistari ya penseli kwenye kioo, nikasugua mara chache. Kikiwa tufe kweli, vioo hugusana kila mahali na mistari hufutika yote. Imefutika — isipokuwa upande mmoja, eneo la kiganja kizima. Inanicheka.

Nimelaumu unga. Nimelaumu pipa. Nimelaumu hata paka.

Jumanne, 9 Julai
Tumini kagundua! Alikaa mlangoni akikata tempe, ile keki ya soya, akinichungulia. Kasema kila mtu akipita nasimama: karibu, watoka wapi, njoo ule kwanza. Miguu inasimama, mikono inaendelea. Daima upande ule ule, unaotazama njia.

Ni kweli! Lakini mtu apite mlangoni kwako usimsemeshe? Si sawa na kumtukana? Kumbe wiki mbili nzima nimekuwa nikikipinda kioo kwa adabu. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

"Peleka pipa nyuma ya nyumba," kasema. "Salamu nitatoa mimi."

"Watasema nimekufa."

"Nitawaambia u mzima, umenyamaza tu. Hapo ndipo hawataamini."

Ijumaa, 12 Julai
Siku ya tatu huku nyuma, mimi na kuku. Nazunguka. Asubuhi mistari yote imefutika, ila alama moja kama punje ya mchele. Nikiimaliza leo, mwezi mmoja unanitosha kulainisha na kung'arisha.

Na sasa hivi Darsono yuko mlangoni na orodha ya wapanda nguzo!

"Mulyo yuko wapi, nimwandike wa kwanza?"

"Yuko na kuku," anamjibu Tumini. "Kawa walii."

Anacheka. Anaita tena: "Cak Mulyo! Kahawa ya kule kibandani haina ladha bila uongo wako!" Jamani. Mdomo unaniwasha. Nimeshaamua zamani, jicho la kwanza kwenye darubini ni lake, mjinga yule. Lakini nikimjibu, miguu itasimama.

Anaita mara ya tatu. Miaka thelathini ananinyoa, sijawahi kumkalia kimya. Nimesugua raundi nzima bila kumjibu. Sasa mistari ichorwe upya, na penseli ni hii hii ninayoandikia, basi daftari lisubiri —