Kura Moja ya Eneo la 71A

Shamba la Haugland,
Elm Hollow, Minnesota.
6 Desemba, 2024.

Mpendwa Shangazi Berit,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje huko Arizona? Sisi ni wazima, ila Mama haongei na Baba tangu jana mchana. Nitaeleza.

Unajua Baba aligombea ubunge wa jimbo katika Eneo letu la 71A, dhidi ya Bi. Marlys Kettunen, mpiga kinanda wa kanisani. Miezi minne Mama alimwendesha nyumba kwa nyumba na kumbishia hodi, maana Baba akifunguliwa mlango huishia kuomba radhi kwa usumbufu.

Matokeo: kura 6,214 kwa 6,214. Zikahesabiwa upya kwa mkono. Zilezile!

Shangazi, hapo niliacha kula. Siku ya uchaguzi nilikuwa msaidizi kituoni, nikimgawia kila aliyemaliza stika ya “Nimepiga Kura”. Nilitaka kumwomba Mzee Orville, msimamizi wetu, niondoke mezani nikapige yangu, ya kwanza maishani. Nikaona haya. Nikajisemea nitamwambia foleni ikipungua. Haikupungua. Watu wakaniuliza mbona sina stika, nikajibandika moja ili waache kuuliza. Kisha milango ikafungwa.

Jana wakafuata sheria ya kura zikilingana: majina mawili ndani ya kopo la kahawa, karani achomoe moja. Likatoka la Bi. Marlys. Yeye akalia, Baba akampongeza kwa furaha kama aliyeshinda ni yeye.

Garini nikashindwa kuvumilia. “Baba, nisamehe. Sikupiga kura. Umeshindwa kwa sababu yangu.”

Mama akakanyaga breki. Baba akatazama dirishani.

“Usilie, mwanangu. Hata mimi sikujipigia. Nilimpigia Marlys.”

“Leif!” Mama akamaka.

“Sasa nijipigie mwenyewe, Ingrid? Si ni kama kuchukua kipande cha mwisho cha keki mbele ya watu?”

Wewe umekua naye, Shangazi. Unajua kipande hicho kwetu hukatwa nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka kikaukie kwenye sahani.

“Nyumba elfu tatu, Leif! Mbwa wawili wameniuma!”

“Mmoja alikuwa anacheza tu.”

Nimepiga hesabu. Kura yangu ingempa ushindi wa kura moja. Yake, kwa kutoka kwa Bi. Marlys na kuja kwake, ingempa wa kura mbili. Kwa hiyo kosa lake ni mara mbili ya langu, lakini sijathubutu kumwambia.

Mama alisema neno moja tu kabla ya kunyamaza: “Miaka miwili ijayo nagombea mimi.”

Leo asubuhi kulikuwa na kipande kimoja cha keki ya limau mezani. Mama akakichukua kizima, akakila chote taratibu, akitutazama. Baba hakuthubutu hata kumeza mate.

Nadhani atashinda.

Nisalimie Mjomba Einar na binamu yangu Kari. Mungu akujalie goti jepesi na jua la kutosha.

Mpwa wako akupendaye, asiyestahili stika yake,
Signe