Kadi ya Mwisho ya Herufi B

Jumatatu, 3 Machi
Nimebakiza kadi moja. Moja tu! Herufi B yote nimeimaliza, imebaki hii "blitz", neno la Kiingereza lililoingia mitaani kwetu: shambulio la kushtukiza. Bwana Nukta, mkuu wetu wa kamusi, kasema Ijumaa saa nne isipokamilika, mkataba wangu basi. Kasema huku anatafuna kalamu. Yangu!

Jumanne, 4 Machi
Asili nimeipata. Kijerumani: radi. Vita kuu ya pili ikaja na "vita vya radi", yaani kuvamia ghafla kwa nguvu zote. Waingereza wakamwagiwa mabomu, wakalikata neno, wakabaki na radi. Siku hizi hata mtu akivamia vyombo vichafu, eti blitz. Makubwa!

Jumatano, 5 Machi
Sheria ya ofisi: kila maana asomewe mtu asiye wa kamusi, atoe mfano wake, atie sahihi. Wetu ni Mama Deki, msafishaji. Kaegemea fagio, kafikiri, kauliza: Yaani kama wifi anavyotokea na masanduku matatu bila kupiga simu? Nimecheka mpaka mbavu zikauma.
Bwana Nukta kaukataa mfano huo. Eti wifi si jeshi. Hajamwona wangu! Mama Deki kaahidi mwingine Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya bure kabisa. Wino kwenye blauzi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Deki hayupo! Mlinzi kaninong'oneza: saa moja asubuhi kapokonywa funguo getini. Bila barua, bila onyo. Miaka kumi na moja! Kandambili zake bado ziko chini ya sinki. Amri ya Bwana Nukta.
Nimetoka mbio, nikamkuta ng'ambo ya barabara, kapakata ndoo yake. Nikasema pole, nikashindwa kutaja kadi. Yeye ndiye kaiulizia. Mwanangu, mfano ninao, andika. Nimeandika. Katia sahihi. Nimelia, sitaki kusema uongo.
"Leo saa moja asubuhi, mkuu alinifanyia blitz getini."
Ningeweza kubuni mwingine. Mkataba huo, jamani! Nimempelekea huohuo, saa nne kasoro dakika tano.
Saa nne na dakika tano. Mlango wake uko wazi, namwona kutoka mezani kwangu. Kafika kwenye mfano. Anatafuta nukta iliyokosewa. Hakuna, nimehakikisha mara tatu. Kavua miwani. Ananiita, kwa majina yangu yote matatu —