Pikipiki Uliyoiinua Nyuma

Mpendwa Baba Achol,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa mazoea, maana leo nimekukasirikia sana. Mikono yangu ina grisi hadi kwenye kucha, na kisa ni pikipiki.

Unakumbuka siku ulipoiinua? Tulikuwa bado kambini Kakuma, nyumba ya mabati karibu na laga, ule mto mkavu. Ulisema kiwandani huwa wanatengenezea wafupi kama mimi. Ukatafuta vyuma viwili vya urefu wa kidole, ukavifunga chini ya shokapu za nyuma, kimoja huku na kingine huku, ikainuka nyuma kama ng'ombe anayeanza kusimama. Stendi ya pembeni ikawa fupi, pikipiki ikawa inalala, ukaiunga kwa kipande cha nondo.

Jumapili ile baada ya kanisa ukanipeleka Longech nikaone ziwa. Kila ulipokanyaga breki niliteleza mpaka kifua kikagonga mgongo wako. Nikalalamika. Ukacheka: "Kalas, basi! Sasa huwezi kaa mbali na mimi." Njia nzima ya kurudi nilijifanya nimenuna. Nilikupenda sana siku ile, Baba Achol.

Halafu faili lako la ukimbizi, la kuhamia ng'ambo, likaitwa. Lilikuwa la mtu mmoja, limefunguliwa kabla hujanijua, ukasema ukituongeza utalivuruga na kuanza foleni upya. Ukapanda ndege peke yako, ukaahidi kutuita. Pikipiki ukaniachia nikutunzie. Achol alikuwa hajaanza kutembea. Sasa anaenda shule.

Mimi nilirudi kwetu Lodwar, nikapanga chumba mtaa wa Nawoitorong, nikaanza kupeleka samaki wakavu Kakuma. Urefu wangu unaujua. Nikiikalia hiyo pikipiki, ni vidole tu vinavyogusa chini, tena vya mguu mmoja. Kwenye lami si neno. Mwezi uliopita ilinilemea kwenye mchanga wa laga, nikakosa pa kukanyaga, ikatuangukia mimi na Achol. Ekzosi ikamchoma shavu la mguu. Nilipokupigia simu, uliuliza kwanza kama tangi limebonyea. Kisha ukasema, "Usiguse shokapu. Wacha ikae vile iko, nitarudi."

Na mimi mjinga nikakutii nusu. Vyuma sikuvigusa. Nililegeza springi tu, nikazungusha ile pete yake hadi mwisho. Ikashuka upana wa kucha. Nilipofunga magunia ya samaki, tairi ikasugua madigadi mpaka harufu ya mpira ikashinda ya samaki. Nikageuza, nikapakua kila kitu.

Nikaenda kwa yule fundi Mkongomani wa Kakuma, rafiki yako. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Mama Achol, iyi ni kazi ya bwana yako Deng. Miye siwezi igusa bila yeye kukubali." Nikajaribu fundi wa Lodwar. "Ejok, ni sawa, mama. Lakini mwenyewe ako wapi? Akikuja anipate nimeharibu?" Nikamwambia mwenyewe amesimama mbele yake. Akacheka, akaomba nambari yako ya simu.

Leo asubuhi nimeazima spana kwa jirani, nikaipandisha pikipiki juu ya jiwe. Boliti ya kushoto ilitoka vizuri. Ya kulia iligoma saa nzima, nikaitukana kwa Kiturkana na kwa kile Kidinka kidogo ulichonifundisha. Ikatoka. Nikarudisha shokapu mahali pake, nikapanda. Nyayo zote mbili zikakanyaga chini, visigino na vyote. Nililia kwa hasira. Kazi ya asubuhi moja, na nimeiogopa miaka yote hii.

Nilidhani nimemaliza. Nikaiegemeza kwenye stendi, ikaangukia upande wa pili. Nikaiinua, ikaanguka tena. Stendi uliyoiongeza sasa ilikuwa ndefu mno. Hapo nikakaa kivulini. Vile vyuma nilikuwa nimevifunga kwenye kitambaa na kuviweka chini ya kitanda, ukirudi uvikute, uvirudishe. Stendi haina boliti. Ni ya kukatwa tu. Na ikikatwa, pikipiki haiwezi tena kusimama kwa urefu wako.

Achol aliniona na msumeno wa chuma. "Mama, baba hatakasirika?" Nikamwambia sijui. Mguu wake wenyewe hujauliza kama umepona.

Nimekata.

Kipande cha nondo kiko hapa mezani, kimeshikilia karatasi upepo usiichukue. Kesho nitampeleka Achol shule, kisha niende Kakuma na samaki. Nakuombea afya huko uliko, na hilo nalisema kwa moyo. Najua stendi inaweza kuungwa tena. Ila safari hii utaniomba ruhusa mimi.

Mama Achol,
mwenye pikipiki