Uzio wa Mbuzi

Jumanne, usiku

Umeshika! Uzio wetu umeshika!

Asubuhi tulikuwa tunaopoa mihogo tuliyoloweka kwenye kinamasi, ndani ya uzio wa miti tuliouzungushia kuzuia mamba, mamba mmoja akaja kwa kasi akaugonga kwa nje. Miti ikatikisika, tope likaturukia, mimi nikapiga yowe. Akagonga tena, kisha akageuka, akazama zake.

Mwaka jana, palepale, mamba alimng'ata mkono wifi yangu Anastazia. Leo, kabla mamba hajazama, Anastazia alisimama mbele yake, beseni kichwani, akamtukana kwa Kiha mpaka pumzi zikamwishia.

Anayeniudhi ni Baba Nestori, jirani yetu. Siku tunachimbia miti alipita akicheka: "Akina mama, humo mtafuga mbuzi?" Hata mti mmoja hakutubebea.

Mvua kubwa zikija, maji yanaweza kuung'oa uzio wote. Hilo naliogopa, sifichi.

Lakini leo jioni Baba Nestori alikuja, taulo begani, sauti ya upole. "Mama Eliza, naomba na mimi niwe naogea humo ndani."

Anastazia akaniwahi. "Si ulisema humu ni kwa mbuzi? Haya, lia kama mbuzi tukufungulie."

Akalitazama lile tope jeusi nje ya uzio, mamba alikozama.

Akalia.